Chachu ya Yoba: kwa tumbo tunaisifu, kwa ubongo tunapunguza ahadi

Uganda maziwa yaliyoganda yanaitwa bongo, na Mswahili akilisikia neno hilo anafikiria kichwa kwanza. Ajabu ni kwamba sasa vitu hivyo viwili vinatajwa kwa pumzi moja: kunywa mtindi wenye bakteria hai, utulie akili. Tuitazame chachu yenyewe kabla ya ahadi.

Yoba ni unga mkavu wa kugandishia mtindi. Pakiti ina gramu 1, nayo inatosha lita 100 za maziwa. Ndani mna bakteria wawili. Mmoja ni Lactobacillus rhamnosus yoba 2012, ambaye ni ukoo (aina ndogo ya bakteria) uleule wa GG uliogunduliwa Marekani na Sherwood Gorbach na Barry Goldin miaka ya 1980. Hataza yake, yaani haki ya kipekee ya kuutumia, ilipokwisha muda, wakfu wa Kiholanzi wa Yoba for Life ukaanza kuutoa kwa jina jingine, ili hata msindikaji mdogo wa Mbarara, Uganda, aweze kuumudu. Ni uamuzi mzuri, maana ukoo huu ni miongoni mwa waliochunguzwa zaidi duniani, hasa kwa kuhara kwa watoto na kuhara kunakoletwa na antibayotiki.

Wa pili, Streptococcus thermophilus, hatajwi sana, na hapo anaonewa. GG peke yake hashibi kwenye maziwa: sukari ya maziwa hawezi kuitumia, na protini yake hawezi kuikata vizuri. Thermophilus ndiye anayepasua sukari hiyo, laktosi, ikatoka glukosi, na kukata protini vipande vidogo. GG anakula mezani pa mwenzake. Ukilielewa hili utaelewa pia kwa nini mtindi hugoma. Thermophilus hastahimili hata mabaki madogo ya penisilini, kwa hiyo ng'ombe aliyedungwa sindano ya ugonjwa wa kiwele jana, maziwa yake leo yatabaki maji hadi asubuhi. Chachu haina kosa. Muulize anayekuuzia maziwa.

Shida kubwa ya pakiti hii kwa mtu wa nyumbani ni kipimo. Gramu 1 huigawi mafungu mia kwa kijiko. Njia inayofaa ni kutengeneza mtindi mama: chemsha lita 1 ya maziwa, ipoze, tia pakiti nzima, acha igande. Kisha kila lita ya maziwa mapya ipate mililita 10 za mtindi huo. Lita 5 zinahitaji mililita 50, yaani vijiko vitatu vya mezani na ziada kidogo. Mtindi mama ukae kwenye friji na utumike ndani ya siku chache. Usichukue mtindi uliotoka humo ukaufanya mama wa mwingine, halafu mwingine tena. Utaganda, ndiyo, na utakuwa mtamu, lakini thermophilus hukua haraka kuliko GG, na kila mzunguko yule uliyemlipia anapungua.

Maziwa yapashwe hadi nyuzi 85 na yakae hapo nusu saa; hapo protini hulegea na mtindi hutoka mzito. Poza hadi 43 hivi. Juu ya 50 unawadhuru bakteria, na chini ya 30 wanazubaa huku wadudu wengine wakipata nafasi. Nunua kipimajoto, kidole hakitoshi. Funika, funga blanketi, acha usiku kucha bila kutikisa. Sukari au asali itiwe baada ya kuganda. Ukiona mapovu na harufu ya hamira, mwaga.

Sasa kichwa. Uhusiano wa utumbo na ubongo ni wa kweli. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kuwa panya waliokuzwa bila bakteria hata mmoja hutoa homoni nyingi mno za msongo wanapobanwa. Mwaka 2011 panya waliolishwa Lactobacillus rhamnosus JB-1 walipungukiwa na hofu, na neva ya vagasi, inayounganisha utumbo na ubongo, ilipokatwa faida ikatoweka. Habari hiyo ilienea. Iliyoenea kidogo ni ya 2017: JB-1 huyohuyo alipopewa wanaume wenye afya, msongo wao haukubadilika. Tena JB-1 si GG. Kufanana kwa jina la kwanza na la pili hakumfanyi mmoja arithi matokeo ya mwingine, na muuzaji anayechanganya koo hizi anampotosha mteja.

Lipo pia dai kwamba mtindi hutuliza akili kupitia serotonini, kemikali ya mwili inayohusika na hisia; nalo linahitaji kurekebishwa. Ni kweli sehemu kubwa ya serotonini ya mwili, asilimia 90 au zaidi, hutengenezwa utumbo. Lakini haivuki kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo. Kinachovuka ni triptofani, kijenzi cha protini ya chakula, ambayo ubongo huitumia kujitengenezea yake.

Kwa hiyo anayetaka kuisaidia akili yake kwa chakula aanze na sahani nzima. Jaribio la Australia lililochapishwa 2017 lilihusisha watu wazima 67 wenye sonona. Baada ya wiki 12, asilimia 32 ya waliobadilishiwa mlo walipata nafuu kamili, dhidi ya asilimia 8 ya waliopewa mazungumzo ya kirafiki tu. Mlo wenyewe ulijaa jamii ya kunde, mboga, samaki na nafaka zisizokobolewa. Kwa Uganda hiyo ni maharage, dodo (mchicha), mukene (dagaa) na kalo (ugali) ya ulezi. Nyuzinyuzi za vyakula hivyo ndizo bakteria wa utumbo mpana huzichachua zikawa butireti, chakula cha ukuta wa utumbo wenyewe. Bilauri ya mtindi juu ya mlo wa chapati na soda itafanya kazi ndogo.

Kwa bei, kwa ukoo wa bakteria na kwa uwazi wa kilichomo, Yoba inastahili nyota nne kati ya tano; moja tumeiondoa kwa ukubwa wa pakiti. Inunuliwe kama chakula. Anayetumia dawa za sonona asiziache kwa sababu ya mtindi, na mwenye kinga dhaifu sana au mwenye mtoto njiti amuulize daktari kwanza. Wanaopenda kuuchanganya na uji wasubiri uji upoe kwanza, la sivyo watakunywa bakteria waliokwisha kufa.