Gundi ya roketi za mfano: chupa nilizonunua, zilizofaa na zilizoniangusha

Roketi yetu ya kwanza ilipaa vizuri, parachuti ikafunguka, ikashuka taratibu. Ilipogusa ardhi tu, pezi moja likachomoka na kuruka pembeni kama panzi. Binti yangu alilikimbilia, akaligeuzageuza mkononi, akaniambia, "Baba, gundi yako bado inang'aa." Kweli. Kwenye ukingo wa pezi kulikuwa na mstari mgumu unaometa kama kioo, umenasa utando mwembamba wa karatasi. Ubao haukuvunjika, bomba halikupasuka. Gundi ndiyo iliyoachia.

Nilikuwa nimetumia supaglu. Niliichagua kwa sababu inashika ndani ya sekunde chache, na mtoto wa miaka 11 ukimwambia asubiri saa 24 atakuona adui. Tangu siku hiyo nimepitisha misimu miwili nikinunua gundi hii na ile, nikijaribu, nikitupa. Zote nimenunua kwa hela yangu.

Tunaishi Columbus, Ohio. Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: roketi ya mfano ni bomba la karatasi ngumu, pua ya plastiki au ya balsa (ubao mwepesi sana), mapezi ya balsa, na mota ya baruti inayotoka kiwandani, unaiwasha mara moja kwa umeme ukiwa umesimama mbali kisha ganda lake unatupa. Huku Marekani ni mchezo wa tangu miaka ya 1950. Orville Carlisle, mwenye duka la viatu mjini Norfolk, Nebraska, ni miongoni mwa waliouanzisha, na kampuni ya Estes, iliyoanza 1958, ndiyo watoto wengi wanayoanza nayo. Sisi pia tulianza na Alpha ya Estes. Mota zetu ni B6-4 na C6-5. Herufi inakuambia ukubwa wa nguvu yote iliyomo, namba ya kwanza ni msukumo wa wastani kwa nyutoni, ya pili ni sekunde za kusubiri kabla ya mlipuko mdogo unaoitoa parachuti.

Ukishalijua hilo unajua gundi inapigana na nini. Mimi nilidhani kibaya zaidi ni lile teke la kuondoka. Mapezi yetu hayakuwahi kung'oka kwa teke hata siku moja. Yaling'oka wakati wa kutua, hasa Novemba, ardhi ikiwa ngumu kama sakafu. Kwa hiyo gundi ya mapezi ni lazima istahimili kugongwa, na supaglu ikikauka hugeuka kioo: ukiivuta moja kwa moja ina nguvu ajabu, ukiigonga ubavuni inakatika.

Tulifanya jaribio mezani jikoni. Nilikata vipande vya bomba lililobaki, binti akabandika vijipande vya balsa, kila kimoja na gundi yake, akaandika kwa penseli. Tukasubiri siku nzima, kisha tukavivunja kwa vidole, kimoja kimoja, huku mama yake akiuliza kama hatuna kazi. Kipande cha supaglu kiliruka na kuacha bomba safi. Gundi nyeupe ya shuleni, Elmer's, ilitoka na karatasi yake. Gundi ya njano ya mbao haikutoka kabisa: balsa ilivunjika katikati, na mguu wake ukabaki kwenye bomba. Nikakumbuka mjomba wangu, seremala wa Ngamiani, Tanga, alivyokuwa akijaribu kiungo: anakipiga chini, kisha anatazama kilichovunjika ni ubao au ni gundi.

Hiyo ya njano ni Titebond Original, chupa ya lebo nyekundu, na nyota zangu tano zinakwenda huko. Inatengenezwa na Franklin International, kampuni ya papa hapa Columbus, ingawa ningeipenda hata ingetoka mwezini. Bei iko chini ya dola 10 na chupa moja imetutosha roketi nne. Zipo pia Titebond II ya lebo ya bluu na III ya kijani, zinazovumilia maji. Kwa roketi sikuona haja. Mvua ikiinyeshea, bomba la karatasi litakuwa uji kabla gundi haijaanza kufikiria.

Lakini namna ya kupaka ndiyo inayoleta tofauti. Bomba jipya lina utando laini unaoteleza, kwa hiyo piga msasa mwembamba mahali pale tu pezi litakapokaa, mpaka mng'ao uondoke. Paka ukanda mwembamba kwenye ukingo wa pezi, libandike, kisha litoe. Ndiyo, litoe. Acha gundi ikauke pande zote mbili kama dakika 5. Paka tena kidogo, bandika, shika nusu dakika. Linakamata kama limezaliwa hapo, na muda wa kusubiri ni mfupi kiasi ambacho hata binti yangu hakulalamika. Siku ya pili unalaza roketi, unapaka mstari wa gundi kwenye kona ya pezi na bomba, unaupitishia kidole kilicholowa. Tabaka mbili nyembamba, wala usipake moja nene. Nene inakauka na vitundu, kwa kuwa gundi hii hunywea. Na angalia nyuzi za balsa zifuate ukingo wa mbele wa pezi. Zikikaa vingine pezi litapasuka kwa uzi na utailaumu gundi bure.

Sasa kasoro yake, na hii ilinigharimu roketi ya pili nzima. Bomba dogo linaloshika mota hukaa ndani ya bomba kubwa kwa pete mbili za karatasi. Nilizipaka pete gundi ya njano, nikaanza kusukuma, nikasimama kidogo nione nimefika wapi. Basi. Ikaganda hapo hapo, sentimita 3 kabla ya mahali pake. Nilisukuma kwa mpini wa mwiko, nikasukuma kwa goti, bomba likakunjika. Karatasi kavu pande zote mbili inafyonza maji ya gundi mara moja, na gundi ya njano ikipoteza maji haina msamaha. Isitoshe, hata mtu akifaulu kuifikisha, gundi ikinywea inaivuta karatasi ndani na bomba linapata kiuno upande wa nje. Rangi haikifichi, inakitangaza.

Kwa kazi hiyo ya ndani nilirudi kwa Elmer's nyeupe. Inachelewa kushika, na pale ucheleweshaji ndio unaoutaka. Siku hizi sizipaki pete. Napaka duara la gundi ndani ya bomba kwa kijiti kirefu, naweka alama kwa penseli mahali pa kuishia, nasukuma kwa mkupuo mmoja bila kuchungulia. Msomaji wa Dar au Mombasa, ile gundi nyeupe ya mbao inayouzwa duka la vifaa vya ujenzi ni ndugu wa karibu wa hii. Usiidharau kwa kuwa ni rahisi.

Kosa jingine lilikuwa la kwangu kabisa. Januari nilibandika mapezi gereji, hewa iko karibu na kuganda. Asubuhi mstari wa gundi ulikuwa mweupe kama chaki na pezi likatoka bila ubishi. Gundi za mbao za aina hii zinahitaji joto la kama digrii 10 za Selsiasi na kuendelea ndipo zikauke sawasawa. Ilikuwa imeandikwa kwenye chupa. Sikuisoma. Sasa tunagundisha ndani, na chupa inalala kabatini pamoja na unga.

Araldaiti, yaani ile ya mirija miwili ya kuchanganya, watu wanaisifu sana, nami naipa nyota tatu kwa roketi ndogo. Hainywei, haikwami katikati ya bomba, na kwenye pua ya plastiki ambako gundi ya mbao haishiki hata kidogo, inashika ukikwaruza plastiki kwa msasa. Ila ina uzito. Roketi hutulia hewani pale kitovu cha uzito wake kinapokuwa mbele ya kitovu cha nguvu za upepo, na ukirundika araldaiti mkiani unavuta uzito nyuma. Jamaa mmoja tuliyekuwa naye uwanjani alijenga kona za mapezi nene kama kidole. Roketi yake ilipanda mita chache, ikageuka, ikatutafuta sisi. Wenye roketi kubwa za mota zenye joto kali wao wana sababu: mapezi yanapita ndani ya bomba hadi kwenye bomba la mota, na huko hutumia araldaiti ya polepole, au gundi ya J-B Weld inayovumilia joto kali. Ile ya dakika 5 hulainika kwenye joto, na huganda upesi kabla hujanyoosha pezi. Vaa glovu, maana ngozi ikishaichukia haitaisamehe tena.

Supaglu sikuitupa. Inabaki kwenye sanduku la uwanjani kwa pezi lililolegea wakati watoto wamepanga foleni ya kurusha. Pia ile nyepesi kama maji nyumbani inafaa kunyweshea ukingo wa balsa au mdomo wa bomba uliochanika, inaufanya mgumu, kisha unapiga msasa. Fungua dirisha, moshi wake unachoma macho. Na usivae glovu za pamba wala kuifuta kwa kitambaa cha pamba: inakutana na pamba na kutoa joto la kuunguza. Nilijifunza kwa soksi yangu.

Gundi ya bunduki ya joto, ile ya mapambo, nyota sifuri. Niliitumia siku moja ya haraka kushikia bomba la mota. Mota ikishawaka ganda lake hubaki la moto, gundi ikalainika, na kwenye urushaji wa tatu bomba zima la mota lilitoka nyuma badala ya parachuti kutoka mbele. Roketi ikashuka kichwa chini na kujipanda kwenye shamba la soya. Gundi ile inayovimba kama andazi ikikauka nayo hapana. Kwa mlango huenda ni nzuri, kwetu ilisukuma pezi likakaa mshazari wakati tumelala.

Alpha ya mapezi yaliyobandikwa upya kwa gundi ya njano imeruka mara 11 hadi sasa. Mara ya tisa pezi moja lilivunjika kwa kutua juu ya lami ya maegesho, sentimita moja juu ya kiungo. Mstari wa gundi haukuguswa. Tulibandika kipande kilichovunjika kwa gundi ile ile na jioni yake likawa tayari kwa msasa.

Binti sasa ameomba Alpha III, ambayo mapezi yake ni ya plastiki yaliyoshikana pamoja. Kwa hiyo ujuzi wangu wote wa gundi ya mbao umekufa pale. Kwa plastiki na plastiki kuna gundi yake, inayoiyeyusha kidogo pande zote hadi ziwe kitu kimoja, na ina harufu ya kuumiza kichwa. Nimeshainunua. Ameniambia nisiiguse, atabandika mwenyewe, na ameshasoma maandishi ya nyuma ya chupa.