Kipimo cha Champia: hodari kwa shaba, hakivumilii vyombo vichafu

Mwongozo wa EPA, shirika la mazingira la Marekani, wa mwaka 2002 wa kupima sumu katika maji ya bahari una kipimo namba 1009.0, kinachotumia mwani mwekundu Champia parvula. Mwongozo unapatikana bure. Kazi na gharama ziko katika kuotesha mwani maabara muda wote, wa kike na wa kiume katika vyombo mbalimbali.

Kila chombo hutiwa mililita 100 za maji ya kupimia yenye chumvi gramu 30 kwa lita, ncha 5 za kike za milimita 7 hadi 10 na tawi moja la kiume la sentimita 2 hadi 3. Kata ncha za kike kwanza, maana kibano kilichogusa dume hubeba mbegu za kiume, na ncha iliyorutubishwa mapema huharibu hesabu. Joto ni nyuzi 23, mwanga saa 16, giza saa 8. Tikisa taratibu mara mbili kwa siku: mbegu za kiume za mwani mwekundu haziogelei. Baada ya siku 2 ncha za kike huhamishiwa maji safi yenye virutubisho kwa siku 5 hadi 7, kisha huhesabiwa vifuko vya spora (chembe za uzazi) vilivyotokana na urutubishaji. Kifuko kina tundu nchani na spora za rangi iliyokolea ndani. Chipukizi halina, na wasio wazoefu huhesabu machipukizi kimakosa.

Vyombo visivyotiwa sumu visipofikisha wastani wa vifuko 10 kwa kila ncha, au zaidi ya asilimia 20 ya ncha zikifa, rudia kipimo.

Ubora wake ni kwamba shaba kidogo tu hupunguza urutubishaji wakati tawi bado linaonekana zima. Kinachokiponza mara nyingi ni EDTA, kemikali ya virutubisho vya kuotesha mwani. Ikibaki katika maji ya kupimia hufunga metali, nayo maji yenye sumu yakaonekana salama. Vyombo vya glasi visuuzwe kwa asidi ya asilimia 10. Kwa makusudi, hata hivyo, EDTA ina faida: itie katika fungu la pili la sampuli ile ile, na sumu ikipungua, shuku metali. Ni metali gani, kipimo hiki hakisemi.

Mwani wa kulimwa Zanzibar hauchukui nafasi yake, kwani hupandwa kwa vipande, na hapa kinachopimwa ni uzazi. Kwa maji ya mlangoni mwa mto, yenye chumvi kidogo, tungechagua kipimo cha kiwango cha kimataifa ISO 10710 cha mwaka 2010: hutumia mwani mwekundu mwingine, Ceramium tenuicorne, na hupima ukuaji, hivyo hakuna shughuli ya kutenga jike na dume.