Uzoefu wangu Disneyland ya Anaheim: nilienda kutazama kinachofichwa

Nitangulize hili ili nisikupotezee muda: hapa sitasema rola kosta ipi inapindua tumbo zaidi. Nilienda Disneyland, ile ya kwanza kabisa iliyoko Anaheim, California, kwa sababu kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma jinsi bustani za burudani zinavyobuniwa. Nilitaka kujua kama zile hila wanazojivunia wabunifu bado zinampata mtu aliyekwisha kuzijua. Zinampata, na nyingine zinampata zaidi kwa kuwa anazijua.

Anza na tuta la udongo, ambalo sikuona hata mtu mmoja akilipiga picha. Bustani hii ilijengwa kwa takriban mwaka mmoja tu kwenye mashamba ya michungwa na ikafunguliwa tarehe 17 Julai 1955. Mwanzilishi wake, Walt Disney, alitaka eneo zima lizungukwe na tuta, na juu ya tuta ipite reli ya treni ndogo ya mvuke. Watu wanadhani treni ndiyo jambo lenyewe. Kumbe kazi kubwa inafanywa na udongo ulio chini yake: unaukatia macho mji wa nje. Ili uingie, sharti upite chini ya reli kwenye kijia kifupi chenye kivuli, na ukitokea upande wa pili uko mtaani, mwanzoni mwa karne ya 20. Hicho kijia ni mapazia ya jukwaa. Hakuna mlango wa fahari, hakuna anayekuhutubia, ila unahisi mwilini kwamba umevuka mpaka.

Mtaa wenyewe, Main Street, ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko wenzangu walivyopenda. Ghorofa za chini zinakaribia kipimo cha kawaida, za juu zimepunguzwa. Jicho linapunjwa na halilalamiki; linaona tu jengo refu lililo rafiki. Kasri lililo mbele limefanyiwa vivyo hivyo: mawe ya chini ni makubwa, na kadiri yanavyopanda yanazidi kuwa madogo. Urefu wake ni futi 77 tu, kama mita 23. Lile la Magic Kingdom, bustani ya Disney kule Florida, lina futi 189, na wapo wanaolicheka hili la Anaheim kwa udogo. Mimi niko upande wa hili dogo. Kasri kubwa linakutaka ulistaajabie ukiwa mbali. Hili linakuruhusu usogee, upite chini ya lango lake na bado ujione mtu wa kawaida. (Ukiwa hapo mtaani, inua macho usome majina yaliyoandikwa kwenye madirisha ya juu. Mengi ni ya watu waliosaidia kuijenga na kuiendesha bustani, yamewekwa kama matangazo ya biashara za kubuni.)

Kutoka kwenye kasri njia zinatawanyika kama miale, na kila njia ina kitu kirefu au cha ajabu kwenye upeo wake. Disney alikiita "weenie", yaani soseji, ile unayomwonyesha mbwa ili akufuate. Mzaha huo si wa heshima sana kwa sisi wateja, lakini niliwaangalia watu na kweli ndivyo walivyokwenda. Mlima Matterhorn, uliofunguliwa 1959 ukiwa na rola kosta ya kwanza ya reli za bomba la chuma, unaonekana kutoka karibu kila upande. Una futi 147, takriban sehemu moja ya mia ya mlima halisi ulioko mpakani mwa Uswisi na Italia, na miti iliyopandwa juu ni midogo kuliko ya chini ili kilele kionekane kiko mbali. Watu walikuwa wanauendea huku wanaongea mambo yao mengine. Hakuna aliyekuwa anasoma ramani.

Linganisha na bustani nyingine niliyowahi kuitembelea, ambayo sitaitaja. Kule kila hatua chache kuna bango na mshale, na spika inakuhimiza ukimbilie mchezo fulani. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyuma ya ngome yao ya maharamia niliona mashine za viyoyozi na mlango wa jikoni uko wazi, na haramia mwenyewe amekaa kwenye ndoo anavuta sigara. Sina ugomvi naye, mtu anahitaji mapumziko. Lakini aliyechora ramani ya mahali pale hakujiuliza haramia atapumzikia wapi, na hilo ni swali la ubunifu sawasawa na rangi ya ngome.

Magic Kingdom ya Florida ilijibu swali hilo kwa gharama kubwa: ilipofunguliwa mwaka 1971, chini yake palikuwa na njia za wafanyakazi, na kwa kuwa maji ya ardhini kule yako juu, njia hizo zilijengwa kwanza usawa wa ardhi. Mgeni anatembea ghorofa ya pili bila kujua. Anaheim haina mtandao wa namna hiyo, kwa hiyo inategemea kona, mimea, mageti, na ile rangi ya kijani iliyofifia wanayopaka kuta zisizofichika ili jicho lizipite bila kusimama. Nilizitafuta kuta hizo kwa makusudi. Hata ukiwa unazitafuta, inakubidi ujilazimishe kuziona.

Sasa Haunted Mansion, jumba la mizimwi la mwaka 1969. Hili ndilo darasa lenyewe.

Tatizo la wabunifu lilikuwa la kawaida kabisa: ndani ya tuta nafasi haikutosha. Jengo kubwa lenye mchezo halisi lilibidi liwe nje, ng'ambo ya reli. Utawavushaje watu bila kuwaambia kwamba wanavuka? Wakakuingiza kwenye chumba chenye pembe nane, milango inafungwa, na picha za ukutani zinaanza kurefuka, zikionyesha yale yaliyokuwa yamefichwa chini yake. Unadhani ni dari linalopanda. Kumbe ni wewe unayeshuka. Umo ndani ya lifti. Ukitoka unapita kwenye ukumbi wa picha unaokwenda chini ya reli, na ukija kupanda kigari umekwisha kutoka nje ya mpaka wa bustani. Mpwa wangu, ambaye sikuwa nimemwambia lolote, alinivuta shati: "Mjomba, mbona hii nyumba kwa nje ilikuwa ndogo?" Nilifurahi kuliko nilivyofurahia mizimwi.

Vigari vyenyewe vimeunganishwa kwenye mnyororo mmoja usiosimama, na hupitisha zaidi ya watu 2,000 kwa saa. Kila kimoja kina mgongo mrefu uliopinda unaokuzibia nyuma na pembeni, na kinageuzwa kwa wakati maalumu kutazama kule mbunifu anakotaka. Umekaa lakini unaongozwa kama kamera. Unapopita juu ya ukumbi wa dansi na kuona mizimwi inayopenyeka ikizunguka, unatazama mbinu ambayo John Henry Pepper aliipatia umaarufu jijini London miaka ya 1860: kioo kikubwa, na sanamu zilizofichwa zinazoakisiwa juu yake. Tazama wanaocheza. Wanawake ndio wanaowaongoza wanaume, kwa sababu kioo kimegeuza kushoto na kulia. Zaidi ya miaka hamsini imepita na hakuna skrini iliyonivutia kiasi kile.

Pirates of the Caribbean, iliyofunguliwa Machi 1967, miezi michache baada ya Walt Disney kufariki, inavuka tuta lile lile kwa njia nyingine: boti inaporomoka kwenye maporomoko mawili na kupita chini ya reli. Unapiga kelele, na hapo hapo umehamishwa jengo. Awali walipanga makumbusho ya sanamu ambayo watu wangepita kwa miguu. Yalikuwa maonesho ya dunia ya New York ya 1964 na 1965 yaliyobadilisha mawazo, baada ya boti za "it's a small world", mchezo wa Disney kwenye maonesho hayo, kuonyesha kwamba maji yanaweza kusafirisha umati mkubwa siku nzima bila msukosuko. Ninachokipenda zaidi ni mwanzo wake wa polepole. Kwa dakika kadhaa hakuna tukio: kinamasi, vimulimuli, mkahawa ulio gizani pembeni ambako watu wanakula chakula cha mchana chini ya anga ya usiku. Mbunifu wa leo angeambiwa akate sehemu hiyo. Bila hiyo, maporomoko yangekuwa mteremko tu.

Kuhusu foleni, ambayo ndiyo malalamiko ya kila mtu kwenye bustani yoyote duniani. Mtafiti David Maister aliandika mwaka 1985 kwamba muda wenye shughuli huonekana mfupi kuliko muda mtupu, na kwamba kusubiri usikokujua mwisho wake kunachosha zaidi. Mchezo wa Indiana Jones Adventure wa mwaka 1995 umejengwa juu ya wazo hilo. Jengo lake nalo liko nje ya tuta, kwa hiyo kuna njia ndefu sana ya kufikia magari, na badala ya kuiomba radhi wakaifanya hekalu: mapango, mitego, na maandishi ya mafumbo ukutani ambayo ukituliza akili unaweza kuyafumbua. Watu waliokuwa mbele yangu walikuwa wanabishana kuhusu herufi moja, na foleni ilipoenda wakachelewa kusogea. Sijaona sifa kubwa zaidi ambayo foleni inaweza kupewa.

Siyo kila kitu kilinishawishi. Mwanafalsafa wa Ufaransa Jean Baudrillard aliandika mwaka 1981 kwamba Disneyland inajionyesha kuwa ya kubuni ili tuamini kwamba Marekani iliyo nje ya ukuta ni halisi. Nilipokuwa nasoma nilidhani ni maneno ya kujionyesha. Nikiwa Main Street nikamwelewa. Huo ni mji wa kumbukumbu, unaotokana kwa sehemu na Marceline, Missouri, alikoishi Disney utotoni, lakini ni kumbukumbu iliyofuliwa: hakuna tope, hakuna deni, hakuna aliyefukuzwa. John Hench, msanii aliyefanya kazi na kampuni ya Disney tangu 1939 hadi alipofariki 2004, alikuwa na jibu: bustani ipo ili kumhakikishia mgeni kwamba ulimwengu unaweza kuwa na mpangilio na mambo yatakuwa sawa. Ninakubali kwamba faraja hiyo ni ya kweli, niliihisi mabegani. Ila faraja inayopatikana kwa kufuta watu kwenye picha inanikaa vibaya, na uzuri wa ghorofa zilizopunguzwa haunisahaulishi hilo.

Udhaifu mwingine ni wa kifalsafa zaidi kuliko wa ujenzi, nao uko Tomorrowland, eneo la wakati ujao. Jana haizeeki, kwa sababu imekwisha kuzeeka. Kesho inazeeka kila siku. Mwaka 1955 eneo hili lilikusudiwa kuonyesha mwaka 1986. Lilijengwa upya 1967, likafanyiwa tena 1998, safari hiyo likielekea kwenye ule wakati ujao waliouota watu wa zamani, na leo ukisimama katikati yake huelewi unaambiwa nini. Kuna roketi, kuna reli tupu za mchezo uliofungwa zamani, kuna filamu. Maeneo mengine yana sentensi moja. Hili lina vipande vya sentensi nyingi.

Filamu ndizo zinazoshika hatamu sasa. Tangu kampuni ya Universal ilipofungua eneo la Harry Potter kule Orlando mwaka 2010 na kuwafanya watu wapange foleni ili wanunue fimbo na kinywaji cha kwenye hadithi, kila kampuni imetaka eneo la hadithi moja inayojulikana. Star Wars: Galaxy's Edge, iliyofunguliwa hapa Anaheim mwaka 2019, ni kazi ya mikono ya hali ya juu, kuta zake zina makovu, na hata alama za magurudumu ya roboti zimo sakafuni. Lakini ukiwa huijui hadithi, uko ugenini kabisa. Maharamia na mizimwi hawakuhitaji uwe umetazama chochote kabla. Wazo la "usiku kwenye kinamasi" linamwingia yeyote. Hapo nadhani ufundi umepanda na sanaa imeshuka kidogo, na mpwa wangu, mwenye upanga wa mwanga aliolilia hadi akanunuliwa, hakubaliani nami.

Ukienda, fika kabla ya ufunguzi ili uione Main Street ikiwa tupu, kisha geuka nyuma ukiwa karibu na kasri. Ni kutoka hapo utaona jinsi kituo cha treni kinavyouziba mji. Panda Pirates jua likiwa kali, ndipo usiku wake unapofanya kazi. Tiketi ni ghali na bei yake inabadilika kulingana na siku, kwa hiyo siku za katikati ya wiki nje ya likizo za shule zina nafuu. Na kama shabaha yako ni Haunted Mansion kama ilivyobuniwa 1969, epuka miezi ya mwisho wa mwaka: tangu 2001 jumba huvalishwa mapambo ya Krismasi yanayofunika sehemu kubwa ya kazi ya asili.