Tochi ya nanomita 365 kwa kukagua safu za medali za zamani: uzoefu wangu, Goma

Tochi hii ya mwanga wa urujuanimno (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) nimeitumia miezi minane kwenye safu za medali zinazopita Goma, nyingi zikitoka katika familia za askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo ya Wabelgiji, chache zikiwa za Kijerumani. Safu ni medali mbili au zaidi zilizoshonwa pamoja juu ya bati moja lenye pini nyuma, kama askari alivyozivaa siku ya gwaride. Uongo mwingi hauko kwenye medali zenyewe. Uko kwenye mshono: mtu anachukua medali nne halisi, kila moja ya mwenyewe tofauti, anazishona pamoja, kisha anaziuza kama za askari mmoja aliyeingia Tabora jeshi hilo lilipouteka mji Septemba 1916. Kwa hiyo cha kuhojiwa kwanza ni uzi.

Nyuzi na vitambaa vingi vya siku hizi hutiwa kemikali za kung'arisha weupe. Kemikali hizo hunywa mwanga wa urujuanimno usioonekana na kuurudisha kama mwanga wa buluu. Zilienea katika nguo na sabuni baada ya Vita Kuu ya Pili. Mshono wa 1920 unaowaka buluu kama shati jipya una maswali ya kujibu.

Niliinunua kwa dola 24. Ina urefu wa kiganja, taa moja ya wati 3, betri ya kuchaji, na mbele kuna kioo cheusi. Hicho kioo ndicho unacholipia. Vitochi vidogo vinavyouzwa Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, kwa wabadilishaji wa dola vingi ni vya nanomita 395: vinatoa mwanga mwingi wa zambarau unaoonekana kwa macho, na zambarau hiyo inafunika mng'ao hafifu wa uzi. Kwa noti vinatosha, kwa sababu uzi wa noti umetengenezwa uwake kwa nguvu. Kwa sufu ya miaka mia, hapana. Kioo cheusi kinazuia zambarau, kinabaki kile tu kinachowaka chenyewe.

Kabla ya kazi naijaribu kwa noti: uzi wa dola 100 uwake waridi, wa dola 20 kijani, wa dola 50 njano. Ukififia, betri imechoka. Chaji kwanza, usikague.

Chumba kiwe giza kabisa, na macho yapewe dakika tatu kulizoea. Vaa miwani ya plastiki ngumu inayozuia urujuanimno, wala usiielekeze tochi usoni. Pitisha brashi laini juu ya safu nzima, maana nyuzinyuzi za sweta mpya zikiangukia hapo huwaka kama cheche na kukudanganya. Weka kando kipande cha karatasi nyeupe ya kuchapia. Hicho ndicho kipimo chako cha "kuwaka". Tochi ikae kama sentimita 15. Anza nyuma: kitambaa cha sufu kinachofunika bati, kisha mshono wa pembeni, kisha uzi unaoshika pini, mwisho mikunjo ya tepe, yaani utepe wa rangi unaoning'iniza medali. Sufu ya zamani hukaa nyeusi au kahawia iliyokufa. Pamba ya zamani inaweza kutoa weupe mdogo wa maziwa, na hiyo si kosa. Buluu kali inayolingana na karatasi ndiyo ya kuogopa.

Hapa wengi wanakosea: wakiona buluu wanatupa safu. Sabuni ya unga ya leo ina kemikali zilezile, na bibi aliyefua tepe za marehemu mumewe hakuwa anaghushi kitu. Inua ukingo wa mkunjo kwa kijiti cha mianzi, usikate mshono. Ikiwa nje kunawaka sawasawa lakini ndani ya mkunjo kumezima, ni sabuni. Ikiwa uzi unawaka mpaka ndani na sufu iliyo chini yake imezima, umeshonwa upya. Kushonwa upya nako kunaweza kuwa ukarabati wa kweli. Angalia matundu ya sindano ya zamani yasiyo na uzi.

Tarehe za medali ndizo zinazoamua kama tochi ina la kusema. Safu ya Kijerumani yenye Msalaba wa Heshima ulioanzishwa Julai 1934 haikushonwa kabla ya hapo, ila bado ni ya kabla ya kemikali hizi kuenea; uzi wake ukiwaka mpaka ndani, siinunui. Lakini askari wa Force Publique aliyekuwa Asosa na Gambela, huko Ethiopia, Machi 1941, kisha Saio Waitalia waliposalimu amri Julai, alipewa medali zake baada ya vita, na huenda alizivaa hadi jeshi hilo lilipokoma 1960. Fundi aliyezishona 1957 angeweza kutumia uzi unaowaka. Kwa safu hizo tochi haimkamati mtu.

Kwa shaba nayo haisaidii. Hapo nashika lenzi ya mara 10: nakala ya kuyeyusha ina vishimo vidogo na herufi zenye kingo butu, medali ya kugongwa kwa mashine ina kingo kali. Na soma maandishi: Msalaba wa Leopold II, nishani ya Ubelgiji, wenye Kifaransa na Kiflemi pamoja ni wa miaka ya 1950 au baadaye, kwa hiyo haukutoka kifuani pa mtu wa Tabora mwaka 1918.

Waghushi wazuri huchovya uzi kwenye chai ya rangi, na mng'ao hupungua sana. Nikishuku, natafuta uzi uliochomoza nyuma, nakata milimita 3, nauchoma kwenye koleo: hariri hunuka nywele na kuacha majivu yanayosagika, pamba hunuka karatasi, poliesta huyeyuka kuwa tone gumu. Tone gumu kwenye safu ya 1920 halitetewi na chai yoyote.

Lawama kwa tochi: inapata moto baada ya dakika kumi hivi na mwanga unashuka, basi izime ipoe kati ya safu na safu. Swichi ni laini mno, inajiwasha mkobani. Mimi nalegeza kifuniko cha betri nusu mzunguko kabla ya kutoka nyumbani.