Pampu ya Majitaka Kando ya Ziwa: Ununue Kifaa Gani cha Kukupa Taarifa

Aliyeniamsha ni jirani yangu wa chini, mama mtu mzima anayeanika dagaa. Saa 11 alfajiri anagonga dirisha: "Mwanangu, amka ukaangalie shimo lako, linatapika." Nilishuka na tochi nikamkuta ameshakunja turubai lake, dagaa wa jana wote wamelowa, na maji machafu yanapita kando yake kuelekea ziwani. Nilimwamkia nikiwa siwezi kumtazama usoni.

Nyumba zetu za kupangisha ziko upande wa Nyegezi, kwenye mteremko. Wenye viwanja vya namna hii mnaijua shida yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, kwa hiyo tangi la majitaka tumelijenga juu, na vyumba vya chini vinamwaga kwenye chemba yenye pampu mbili za kupandisha. Pampu zikigoma, maji yana njia moja tu, nayo inaishia ziwani, kwenye maji yaleyale tunayokunywa Mwanza nzima.

Usiku ule fezi moja ya umeme ilikatika baada ya mvua, ovalodi (swichi zinazozima mota isiungue) zikaangusha pampu zote mbili. Hilo halikuniudhi, ndiyo kazi ya ovalodi. Kilichoniuma nilikikuta nilipofungua boksi la kifaa cha taarifa nilichonunua kwa shilingi laki moja na themanini: taa nyekundu inawaka. Kifaa kilijua. Kilishaona maji yamepita boya la juu (swichi inayoelea, inayonyanyuka chemba ikijaa), kikajaribu kunitumia meseji usiku kucha kwa laini iliyokufa. Fundi aliyekifunga aliweka laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole vyake mwenyewe. Kwa miezi minne hakukuwa na hitilafu, hivyo hakikutumwa chochote, laini ikakaa bila kutumika mpaka ikafungwa. Miezi yote hiyo mimi niliuchukulia ukimya ule kuwa ni habari njema.

Tangu niandike kidogo kuhusu tukio hilo, wasomaji wameniuliza wanunue kipi. Sitaeleza habari za kupima kina cha maji wala idadi ya namba zinazoweza kupigiwa. Vifaa karibu vyote vinaweza hayo, na muuzaji atakusomea kwenye kasha. Mimi napanga kwa swali moja: kikifa chenyewe, nitajuaje?

Kifaa kinaweza kufa kwa njia nyingi. Umeme ukikatika, au LUKU ikiisha, pampu zinasimama dakika ileile ambayo kifaa kisicho na betri kinazimika, yaani kinakuacha wakati ulipokihitaji. Vifurushi vinaisha muda. Laini inafungwa. Antena ikiachwa ndani ya boksi la chuma haipati mtandao. Gesi ya chemba, ile yenye harufu ya mayai viza, inakula shaba mpaka inakuwa nyeusi (ndiyo hiyohiyo inayoua mafundi wanaoingia chemba bila vifaa, kwa hiyo boksi likae nje, hewani). Waya wa boya unatafunwa na panya. Kote huko unachokiona kwenye simu yako ni kilekile unachokiona siku ambayo kila kitu ni kizima: hakuna meseji.

Dawa yake ni salamu ya kila siku. Kifaa kikutumie meseji saa moja asubuhi hata kama hakuna tatizo lolote. Isipokuja, unaamka na kwenda kuangalia. Inagharimu meseji moja kwa siku, na kwa kuwa laini inatumika kila siku, haifungwi kwa kukaa bure. Na boya la juu lifungwe kwa mguso ambao hukaa umeungana wakati wa usalama, ili waya ukikatika kifaa kione kama maji yamejaa. Bora nikimbie bure mara moja.

Namba moja: Siemens LOGO! pamoja na moduli yake ya CMR

Ninayo mwenyewe na ninaipenda waziwazi. LOGO! ni kikompyuta kidogo cha kuongoza mitambo, CMR ndiyo inayobeba laini ya simu. CMR2020 inatumia mtandao wa zamani wa 2G, CMR2040 inatumia 4G. Kama mfuko unaruhusu chukua ya pili. Saa iliyomo ndani ya LOGO! ndiyo inayotoa salamu yangu ya asubuhi, na ndani ya meseji hiyo nimewekewa jumla ya saa ambazo kila pampu imefanya kazi.

Hizo saa sikuzitafuta wakati nanunua, lakini sasa ndizo ninazozisoma kwanza. Pampu mbili zinapokezana, saa zao zinapaswa kwenda pamoja. Moja ikianza kuivuka nyenzake kwa mbali, ujue impela (gurudumu la ndani linalosukuma maji) imebanwa na nepi au taulo ya kike na inasukuma kidogo kwa muda mrefu. Zote mbili zikipanda pamoja bila wapangaji kuongezeka, maji ya ardhini yanaingia kwenye chemba. Mwaka 2020, ziwa lilipopanda hadi kuvuka kiwango kilichowekwa 1964, chemba yetu ilikuwa inavuja kwa ndani na hatukujua mpaka pampu ya kwanza ilipoungua. Kama ningekuwa na hesabu hii wakati ule ningeona tatizo mapema.

Chukua LOGO! ya aina ya 12/24RCE. Hiyo na CMR zote zinakubali volti 12, kwa hiyo betri moja ya sola na chaja yake inatosha, na betri hizo zimejaa madukani mjini. Fundi umeme aliyesoma masuala ya kuprogramu ataimudu. Laini isajiliwe kwa jina lako. Kwa jina lako, siyo la fundi, siyo la mlinzi.

Namba mbili: Teltonika RUT955

Hii ni ruta ya Lithuania yenye sehemu za kuunga nyaya za boya na inayotuma meseji boya likinyanyuka. Uzuri wake mkubwa ni nafasi mbili za laini: weka mitandao miwili tofauti, mmoja ukilala mwingine unabeba. Ratiba ya meseji ya kila siku inayo pia. Nimeishusha kwa sababu haikuhesabii saa za pampu kama LOGO!, na mipangilio yake inataka mtu wa kompyuta. Kama una kijana wa namna hiyo nyumbani, na eneo lako mtandao unayumba, ichukue bila wasiwasi.

Namba tatu: Grundfos CU 362 na moduli ya CIM 250

Hiki ni kidhibiti cha pampu, na moduli ndiyo inayobeba laini. Kazi safi, iliyobuniwa mahususi kwa ajili ya majitaka, na moduli inaweza kuwekewa betri yake. Inafaa hoteli kubwa au kiwanda cha samaki chenye pampu za Grundfos tayari. Kwa nyumba ya vyumba 12 ni mzigo.

Za bei rahisi

Visanduku vya Kichina visivyo na betri wala salamu ya kila siku, kama kile changu cha kwanza: hapana. Vya kuungaunga kwa SIM800L, kijimoduli cha kubebea laini ya simu: moduli ile inataka volti kama 4 na inavuta hadi ampea 2 ghafla inapotuma, mafundi wengi wanailisha umeme dhaifu, nayo inazima katikati ya meseji.

Sasa wauzaji. Nimeingia maduka sita, Mwanza na Dar es Salaam, nikauliza swali langu lilelile. Hakuna aliyejibu. Watano walisema "ina alamu hiyo, dada, usijali." Mmoja akaniuzia waya maalumu wa kuprogramu LOGO!, na nikaulipia, wakati LOGO! za sasa zinaunganishwa kwa waya wa kawaida wa mtandao kama wa ruta. Ule waya ni wa matoleo ya zamani. Yeye alijua, mimi sikujua, akachukua hela yangu.

Halafu bei. Ukitaja neno hoteli inapanda hapohapo, kwa hiyo mtume fundi, au sema ni ya nyumbani. Wawili walinipa ankara kwa dola, na tangu 2025 kanuni zinakataza bidhaa zinazouzwa ndani ya nchi kutozwa kwa fedha za kigeni. Dai ankara ya shilingi, na iandikwe kila kitu: kifaa, antena ya nje na waya wake, chaja, betri, kazi ya kuprogramu. Ankara yangu ya kwanza haikuwa na antena wala chaja, nikarudi kulipa mara ya pili kwa mtu yuleyule.

Kabla ya kumlipa fundi salio lake, simama naye chembani. Nyanyua boya kwa mkono, subiri meseji. Chomoa waya wa boya, subiri meseji. Zima umeme wote, subiri meseji. Kisha mwambie akazime kifaa chenyewe saa 12 jioni, mlale, na kesho saa moja asubuhi uangalie kama utagundua kuwa salamu haijaja. Mimi nilimlipa wangu siku ya pili, saa mbili asubuhi.