MS-DOS 4.00 kwenye GitHub: leseni safi, mafaili yaliyochubuka

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Kinachopimwa ni ripo, yaani hazina ya msimbo chanzo, ya Microsoft/MS-DOS, mfumo endeshi wa zamani wa kompyuta binafsi, hasa folda ya v4.0 iliyoongezwa Aprili 2024 kwa ushirikiano na IBM. Folda za v1.25 na v2.0 ni za awali zaidi: zilitolewa Machi 2014 kupitia jumba la Computer History Museum la California, kisha zikapakiwa upya GitHub mwaka 2018.

Leseni ndiyo sehemu isiyo na dosari. Ile ya 2014 ilikuwa ya utafiti tu: soma, jifunze, ishia hapo. Mradi wa FreeDOS, unaotengeneza DOS huria inayofanana na hii, ukawaonya wachangiaji wake wasiuguse kabisa msimbo ule, maana aliyekwisha kuusoma angeweza kushukiwa kuwa amenakili. Tangu 2018 leseni ni MIT, na hofu hiyo imekwisha. Unaruhusiwa kuchukua kipande, kukibadilisha, hata kukiuza, mradi tamko la hakimiliki libaki mahali pake. Jina MS-DOS halimo kwenye ruhusa hiyo, kwa hiyo toleo lako lipe jina jingine.

Baada ya leseni, msimbo chanzo wa mfumo endeshi unapimwa kwa swali moja: unajengeka? Wa 1.25 ni wa kusoma. Ni mafaili machache ya asembli, lugha iliyo karibu na ya mashine, na mtu anayeijua 8086, prosesa ya Intel ya wakati huo, anaweza kuyamaliza kwa siku chache. Sehemu yake, kama IO.ASM, imeandikwa kwa ajili ya asembla (programu ya kugeuza asembli kuwa msimbo wa mashine) ya Seattle Computer Products, kampuni alikokuwa Tim Paterson alipoandika 86-DOS, mfumo uliokuja kuwa MS-DOS, mwaka 1980, kwa hiyo MASM ya kawaida, asembla ya Microsoft, itaikataa. Humo humo kuna TRANS.ASM, programu ya kugeuza msimbo wa Z80, prosesa ya zamani zaidi, kuwa wa 8086. Ukiiona unaelewa kwa nini mfumo huu unafanana sana na CP/M, mfumo endeshi uliotumika kwenye Z80. Wa 2.0 umeongeza folda ndogo na viendeshi vya vifaa, na maelezo yake ya kuandika viendeshi bado ni mazuri kuliko vitabu vingi. Lakini IO.SYS kamili, faili linalounganisha mfumo na vifaa vya mashine, haimo. Kuna SKELIO.ASM, kiunzi ambacho kila mtengenezaji wa kompyuta alitakiwa kukijaza mwenyewe kulingana na mashine yake.

4.00 ndiyo inayojengeka, tena kwa zana zilizomo ndani yake. Folda ya SRC\TOOLS ina MASM, kompaila ya C ya Microsoft ya wakati huo, LINK ya kuunganisha vipande na NMAKE ya kuendesha ujenzi. Hutafuti kitu kingine mtandaoni. Ubaya ni kwamba mafaili yalipitishwa kwenye Git bila uangalifu, na Git haikutengenezwa kwa ajili ya vitu vya 1988.

Kasoro ya kwanza ni miisho ya mistari. Ukishusha ripo kwenye Linux, mafaili ya maandishi yanakuja na baiti moja ya kumaliza mstari, LF, peke yake, wakati zana za DOS zinataka mbili, CR na LF. Usiporekebisha, ujenzi unatapika makosa yasiyoeleweka tangu mwanzo. Tumia sed 's/\r*$/\r/' kwenye ASM, INC, BAT, C, H, SKL, MSG, LNK, INF na MAKEFILE (hili halina kiambishi, hivyo husahaulika). Usiiguse EXE, OBJ wala LIB hata kwa bahati mbaya. Baiti moja ikiongezeka ndani ya kompaila, imekwisha.

Kasoro ya pili ni mbaya zaidi. Mafaili ya asili yana herufi za kodi-peji 437 (jedwali la herufi la PC ya IBM), zile za kuchorea visanduku kwenye skrini, kila moja baiti moja. Kabla ya kupakiwa yalibadilishwa kuwa UTF-8, mfumo wa herufi wa leo, na herufi ambazo hazikutambulika zikageuzwa kuwa alama ya kubadilishia, yaani baiti tatu: EF BF BD. Hapo kuna hasara mbili. Herufi yenyewe imepotea, huwezi kuikisia kutoka kwenye alama hiyo. Na mstari umerefuka, kiasi kwamba asembla inakwama. Mafaili yanayovunja ujenzi ni MAPPER\GETMSG.ASM, SELECT\SELECT2.ASM na SELECT\USA.INF. Dawa ya haraka ni kubadilisha kila kundi la baiti hizo kuwa alama moja ya #. Kwenye maoni ya msimbo haina madhara; SELECT ndiyo programu ya usakinishaji, kwa hiyo humo tarajia sura kuchafuka kidogo.

Tarehe za mafaili nazo hazipo, kwa kuwa Git haihifadhi tarehe ya faili kubadilishwa. Kwa mtu wa historia tarehe hizo ni ushahidi, na kifurushi kimoja cha ZIP pembeni kingetosha kuzilinda. Na kwa kuwa ripo imefungwa makusudi, mabadiliko hayapokelewi, marekebisho yote yanaishi kwenye nakala za watu wengine.

Ukishasafisha, ujenzi ni mwepisi. Ndani ya DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS, unganisha folda ya v4.0 kama diski D, kwa sababu SETENV.BAT imeandikwa BAKROOT=d: na hapo huhitaji kuhariri chochote. Ukiiunganisha kama C, badilisha mstari huo kwanza. Weka cycles=max, la sivyo utasubiri sana. Kisha: cd src, setenv, nmake. Ikifika mwisho bila kosa, CPY.BAT inakusanya mazao yote na kuyapeleka kwenye folda utakayoitaja.

Wengi wanakwama kwenye kutengeneza flopi ya kuwashia kompyuta. Huoni faili la sekta ya kuwashia (baiti 512 za mwanzo wa diski) kwenye mazao, kwa sababu limefichwa ndani ya FORMAT na SYS, programu za kuandaa diski: folda ya BOOT inajenga MSBOOT.BIN, halafu programu ndogo ya DBOF inakata baiti 512 kuanzia 7C00h na kuzigeuza kuwa BOOT.INC. Kuendesha SYS ndani ya DOSBox juu ya folda ya kawaida hakusaidii, maana pale hakuna sekta halisi za kuandikia. Njia fupi ni mtools, zana za Linux za kushughulikia diski za DOS: kata baiti zile 512 kwa dd, tengeneza taswira kwa mformat -C -f 1440 -B, kisha nakili kwa mcopy IO.SYS kwanza, MSDOS.SYS ya pili, COMMAND.COM ya tatu. Mpangilio huo si hiari. Sekta ya kuwashia inazitafuta zile mbili za kwanza mwanzoni mwa orodha ya folda kuu, na isipozikuta hapo inaandika "Non-System disk or disk error". Hapo watu hulaumu ujenzi bure.

Kinachovutia msomaji wa Kiswahili ni folda ya MESSAGES. Karibu maneno yote ya mfumo yamekusanywa kwenye USA-MS.MSG, na SETENV inalichagua kwa COUNTRY=usa-ms. Kiswahili hakihitaji herufi za ziada, kwa hiyo DOS inayosema "Faili halikupatikana" ni kazi ya uhariri zaidi kuliko ya programu. Mtego uko kwenye maswali ya Y/N. Tangu 4.0 kuna huduma ya ndani ya mfumo inayoitwa na programu, INT 21h, AX=6523h, inayoamua kama herufi iliyobonyezwa ni ndiyo au hapana. Ukitafsiri swali la FORMAT kuwa N/H bila kurekebisha herufi ambazo huduma hiyo inazitambua, mtu atabonyeza N akimaanisha ndiyo na mfumo utaelewa hapana. Afadhali kosa la upande huo kuliko wa pili, lakini ni kosa.

Nyota iliyobaki imepotea kwa kisichokuwepo: matoleo ya 3.3, 5.0 na 6.22. Kwa 6.x kikwazo kinaeleweka, kwani ndani yake kuna programu za kampuni nyingine, kama kinga ya virusi ya Central Point. Kwa 5.0 udhuru huo ni mwembamba. Na 4.00 yenyewe ilikuwa toleo lisilopendwa enzi zake kwa kula kumbukumbu, ingawa ilivuka kikomo cha MB 32 kwa kizigeu kimoja cha diski.

Ukichukua nakala ya mtu mwingine badala ya ripo rasmi, ipime kwanza kwa grep -rlP '\xEF\xBF\xBD'. Isipotoa jina lolote, bado fungua SELECT2.ASM kwa kihariri cha heksa: ukikuta mistari ya # badala ya baiti za C4 na B3, zile za kuchorea visanduku, nakala hiyo imefunikwa tu, haijarudishwa kama ilivyokuwa.