Ile muvi ya Memo: mara ya kwanza nilimlilia yeye, mara ya pili nikamlilia mtu mwingine kabisa

Onyo kwanza, hii muvi msiiangalie kwenye daladala. Mi nimeufanya huo ujinga, niko siti ya dirishani natoka Kariakoo narudi Mbagala, foleni imeganda pale Mtoni haisogei, nikasema ngoja nimalizie kale kakipande ka mwisho nilikokaacha jana usiku usingizi uliponizidi. Konda akapita kuchukua nauli, akanikuta nimejifunika mtandio mpaka kwenye pua, mabega yanaruka, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, ile ambayo makonda huwa hawana, "dada pole sana, nani wenu?" Nikashindwa kumwambia ni Mturuki. Nauli yangu hakuichukua.

Sasa muvi yenyewe. Jina lake ni 7. Koğuştaki Mucize, yaani Muujiza wa Selo Namba 7, ya mwaka 2019, ila mtaani kwetu ukienda kwa muuza muvi ukataja jina hilo atakuangalia tu, wewe sema nipe ya Memo, au nipe ile ya lingo lingo, mbona utawekewa kwenye fleshi hapo hapo, mia tano yako tu. Wenye bando la kuchezea waliiona Netflix toka 2020 watu walipokuwa wamefungiwa ndani dunia nzima, na nadhani ndo maana ilisambaa vile, maana kwao Uturuki kwenyewe ilishavunja rekodi kwenye majumba ya sinema mwaka wake, tiketi zaidi ya milioni tano, halafu ndo ikatufikia sisi wa fleshi. Ni masaa mawili na dakika kumi na kitu. Kama hujaiona na hupendi kusimuliwa mwisho, ishia hapa, kwa sababu mi siwezi kuiongelea bila mwisho wake, mwisho wake ndo ugomvi wangu wote.

Steringi ni Memo, mwanaume mtu mzima ila akili yake imebaki ya mtoto, anaishi kijijini pwani na mama yake mzee na katoto kake ka kike Ova. Kuna mahali Ova anamuuliza bibi yake kuhusu baba, kwa sababu shuleni wanamcheka, bibi anamwambia baba yako ana umri sawa na wako. Basi. Hakuna hotuba, hakuna daktari wa kueleza ugonjwa, sentensi moja ya bibi na wewe umeshaelewa nyumba nzima inaishije. Anayemcheza Memo anaitwa Aras Bulut İynemli, na wale mnaofatilia tamthilia za Kituruki mlishamuona kwenye Çukur akiwa bosi wa wahuni, bastola kiunoni, macho makali. Mi nilikaa nusu saa nzima sijajua kama ni yeye. Mabega kayaangusha, mdomo haufungi vizuri, vidole havitulii. Huko kwetu mtu akipewa nafasi ya mwenye ulemavu wa akili anaishia kutoa udenda na kuchekesha watu, huyu hachekeshi, au anakuchekesha halafu unajionea aibu.

Stori inaanzia kwenye begi la shule. Begi jekundu lenye picha ya Heidi, Ova analitaka, baba anajikusanyia vihela alinunue, siku ya siku linanunuliwa na kamanda wa jeshi kwa ajili ya binti yake. Memo haelewi mambo ya nani kawahi kulipa, yeye anachojua hilo begi ni la Ova, anamfata yule mtoto, anachezea makofi ya baba mtu barabarani. Siku nyingine yule mtoto anapanda kwenye majabali ya baharini, anateleza, anakufa, na aliyekutwa kambeba ni Memo. Mwaka ni 1983, Uturuki iko chini ya wanajeshi waliopindua nchi 1980, na baba wa marehemu ni kamanda. Mnaelewa inapoenda. Anapigwa mpaka anakiri asichokijua, anahukumiwa kitanzi.

Na hapo nilisitisha nikaenda kusoma kidogo kwa sababu nilidhani dairekta anakuza mambo. Hakuzi. Baada ya yale mapinduzi waliwanyonga kweli, watu kama hamsini hivi, wa mwisho 1984, na adhabu yenyewe ikafutwa kabisa mwaka 2004. Kwa hiyo kumweka Memo 1983 sio urembo, mwaka mmoja na nusu tu angesubirishwa pale selo labda kitanzi kisingemfikia. Hiyo hesabu muvi haikufanyii, nimeifanya mwenyewe na ikanichoma zaidi ya muziki wao. Na muziki wao jamani, hapo nawatoa maksi. Vinanda vinaanza kulia kabla mtu hajafanya chochote, ni kama mtu anakubinya shingo anakwambia lia, lia basi. Niacheni nifike mwenyewe.

Mara ya kwanza niliiona kibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea muvi na mpira, ile iliyotafsiriwa. Sitataja kibanda wala DJ aliyetafsiri, maana nitakayosema sio mazuri yote na yule kaka anajitafutia riziki. Ila kwa wasiojua mambo haya, muvi ya kutafsiri sio kwamba waigizaji wanawekewa sauti za Kiswahili kama zile tamthilia za Kituruki za Azam. Ni mtu mmoja, ana maiki, anaigiza wote, kamanda yeye, bibi yeye, mtoto yeye, na katikati anakueleza na ya kwake, anakutania, anakutajia namba ya simu ya duka lake. Kwa muvi za ngumi hawana mpinzani hao watu, nawaambia ukweli, muvi mbovu ya ngumi ikitafsiriwa inakuwa tamu. Muvi ya kulia ni kesi nyingine.

Chukua mfano huu mmoja. Memo na mwanae wana mchezo wao, baba anapiga kelele "lingo lingo!" na mtoto anajibu "şişeler!", ni maneno ya wimbo wao wa zamani, şişeler ni chupa, hayana maana yoyote ya maana, ndo uzuri wake. Wanaitana hivyo wakiwa mashambani, wakiwa nyumbani, mtu akipotea machoni tu anaitwa hivyo. Sasa Memo kafungwa, Ova anafika nje ya ukuta wa jela, katoto kadogo mbele ya ukuta mrefu vile, anaita. Kimya. Kile kimya ndo muvi yenyewe. Unasubiri na yeye, unawaza kasikia au hajasikia, yuko hai au kashauawa. Na DJ wetu kile kimya akakijaza. "Hapo mtoto anamwita baba yake wapenzi watazamaji, mnaona upendo huo, je wewe baba yako unampigia simu?" Nilitamani niruke niizime spika. Nimekuja kukiona kile kimya mara ya pili, peke yangu, na sabtaito, saa sita usiku, na hapo ndo nikajua siku ile niliibiwa.

Lakini nisimuonee. Kibandani kulikuwa na kitu ambacho laptopu hainipi. Wanaume. Kibanda cha kwetu ni cha vijana wa bodaboda na mafundi, mabenchi ya mbao, bati juu, joto la kukaangia samaki, na wale watu wanavyoangaliaga mpira mnawajua. Siku ile ilipofika wafungwa wanamwingiza Ova selo kwa siri ili amuone baba yake, nikasikia nyuma yangu mtu anavuta makamasi, nikageuka, ni fundi mmoja hapo mtaani ambaye mkewe alipojifungua mtoto wa kwanza alikuwa kwenye bao. Akaniwahi, "vumbi hili la hapa sista." Benchi zima likajibu vumbi, vumbi, mmoja akasema feni ndo inaleta vumbi, na kibanda hakina feni. Kwa wiki kama mbili hivi baada ya hapo watoto wa mtaani walikuwa wanaitana "lingo lingo!" toka uwanjani, wengine wanaitika "shisheler!" toka chooni huko. Hiyo kazi kaifanya yule DJ na kelele zake, sabtaito isingeweza.

Haya, mwisho. Wale mliobaki mnajua, Memo hanyongwi. Tunaonyeshwa mtu kapelekwa kwenye kitanzi, watu kibandani wanalia wameinama, halafu muvi inarudi nyuma inatuonyesha kumbe walibadilishana, Memo yuko kwenye boti na mwanae wanavuka kwenda nchi nyingine. Kibanda kililipuka kama Simba kafunga dakika ya tisini. Watu walikumbatiana. Mi mwenyewe nilishangilia, nikatoka pale mwepesi, nikanunua na mihogo.

Mara ya pili ndo nikakaa nikajiuliza, sasa aliyenyongwa ni nani?

Ni Yusuf. Mzee mmoja mle selo ambaye muda mwingi anakaa tu anaangalia ukuta, hachangii kelele za wenzake, haombi kitu. Alimuua binti yake mwenyewe. Muvi haitupi maelezo mengi na nashukuru haikutoa. Huyu mzee anamuona Memo, mtu asiye na akili timamu ambaye kitu pekee anachokiweza duniani ni kuwa baba, na yeye mwenye akili zake zote hicho ndo kilimshinda. Akaamua aende yeye. Na dairekta, Mehmet Ada Öztekin, kamuweka mbele ya macho yetu toka mapema tu, anaonekana, yupo pembeni ya kila seni ya selo, ila sisi tunamtazama Ova kwa hiyo hatumuoni. Nikarudisha nyuma seni kama nne kumtafuta. Yupo. Siku Ova anaingia selo wote wanamkimbilia mtoto, mwangalieni yeye tu, waacheni wengine wote.

Kwa hiyo nikiwasikia watu wanasema "inaliza ila inaisha vizuri" nashindwa kukaa kimya. Mtu kanyongwa jamani! Tumemlilia dakika tatu tukidhani ni Memo, tulipojua sio Memo tukafuta machozi tukashangilia, kana kwamba kitanzi kilikuwa kitupu. Sijui kama dairekta alikusudia kututega hivyo au kilimtokea tu, ila mi kimeninasa, na ndo hicho kilichoniliza kwenye daladala, sio boti.

Kuna watakaosema mwisho huo ni wa kitapeli, hasa walioona ya Kikorea. Maana hii ya Kituruki ni ya kurudia, mama yake ni ya Korea Kusini ya 2013, kule iliuza tiketi zaidi ya milioni kumi na mbili, na Wafilipino na Waindonesia nao wamefanya za kwao. Ya Kikorea baba ananyongwa kweli, hakuna boti, mtoto anakua anasomea sheria anakuja kuirudia kesi ya baba yake kwenye mahakama ya mazoezi. Ina vichekesho vingi zaidi, kuna mpaka wafungwa wanataka kumtorosha kwa puto kubwa la kuruka na hewa linanasa kwenye waya wa ukuta, nilicheka peke yangu. Ila ile inaliza upande mmoja tu, unalia, inaisha, unalala. Hii ya Kituruki unashangilia leo na kesho kutwa ukiwa unaosha vyombo unamkumbuka yule mzee. Mi naichagua ya Kituruki. Mdogo wangu anachagua ya Kikorea na tumeshagombana.

Kasoro nyingine nizitaje haraka haraka: kamanda ni katili mpaka hana rangi nyingine, mtu kafiwa na mtoto wake wa kumzaa na bado muvi haimpi hata dakika ya kumhurumia, hapo waliogopa. Katikati inavuta vuta, wafungwa wanageuka malaika haraka mno, leo wanampiga mtu mpaka uso unavimba, keshokutwa wote baba wadogo. Na muziki nimeshasema.

Kingine sitaki mtu aje aniambie muvi za kulia ni za wanawake. Mjomba wangu, mtu wa Kilwa, nyumbani kwake mbwa hakanyagi hata uani, alikaa na sisi Idi iliyopita akaangalia ile ya Hachi, mbwa anayemsubiri bosi wake stesheni miaka na miaka hajui kashakufa, na mwenyewe nikamwambia mjomba hii ni kweli, imetokea Japani, yule mbwa alisubiri mpaka 1935 akafa. Alinyamaza. Baadae akasema "lakini mbwa ni mbwa," akaenda kutawadha, na akachelewa kurudi sana.

Maksi zangu kwa ya Memo ni nane na nusu kwa kumi. Nusu na moja nimezikata kwa ajili ya vinanda na kamanda. Ya kutafsiri nendeni nayo kibandani na kundi, sio mbaya, ila muwe mmeshaiona na sabtaito kwanza. Kwa muuza muvi ulizia isiyo na DJ, wengi wanayo ila haiko juu, mpaka uwaambie watafute kwenye diski kubwa. Dogo muuza muvi wangu alipomaliza kuniwekea alinichomolea fleshi akaniuliza, "dada nikuongezee na nyingine ya kulia?" Nikamwambia mwezi huu hapana, niwekee ya ngumi, na hiyo iwe na DJ.